Mpakwa Mafuta Naye Huulizwa

Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilifanya jambo ambalo Wakenya hawakulizoea: lilimrudishia Rais pesa zake. Jumapili ya tarehe 17, Rais William Ruto alisali katika parokia ya Soweto, mashariki mwa jiji. Akatoa shilingi milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya mapadri na shilingi 600,000 za kwaya na watoto wa parokia, kisha akaahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza kilichotolewa kirudishwe na kilichoahidiwa kisipokewe. Siku chache kabla ya hapo, maaskofu Wakatoliki wa nchi nzima walikuwa wameitolea serikali tamko kali kuhusu uongo wa viongozi na mzigo wa kodi.

Wapo waliopongeza, na wapo walioshangaa. Nani anakataa mkono wa heri? Tena mkono wa kiongozi aliyewekwa na Mungu mwenyewe?

Mshangao huo unastahili kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo sisi Wakristo wa Afrika Mashariki tunayabeba bila kuyakagua. Tunaamini kwamba aliye madarakani amechaguliwa na Mungu, hivyo kumhoji ni kumhoji Mungu. Tunaamini kwamba nchi ikitangazwa kuwa ya Kikristo imeongoka. Tunaamini kwamba maombi yanatosha hata pale palipotakiwa maswali, na kwamba pesa ikishatua kikapuni imekwisha kuwa sadaka, hata kama hatujui ilikotoka. Nasema haya nikiwa ndani ya kanisa, si nje yake, na hoja yangu ni moja. Katika Biblia, kuchaguliwa na Mungu hakumpunguzii mtawala wajibu wa kujibu, humwongezea. Anayelitumia jina la Mungu kuwafunga watu midomo ameyageuza Maandiko kichwa chini, miguu juu.

Tuanze na wafalme wenyewe. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8, Waisraeli wanataka mfalme kama mataifa mengine. Kabla hajawapa, Samweli anawasomea gharama yake: mfalme atawachukua wana wao kwa magari yake ya vita, na binti zao kwa jiko lake, atatwaa mashamba yao bora awape maofisa wake, atatoza sehemu ya kumi ya nafaka na mifugo, mwisho wao wenyewe watakuwa watumwa wake. Hilo ndilo somo la kwanza la siasa katika historia ya ufalme wa Israeli, na linatolewa na nabii, hadharani, kabla mtu yeyote hajapakwa mafuta. Kisha anapakwa Sauli. Hakuna msomaji anayeweza kudai kwamba Sauli hakuchaguliwa na Mungu. Lakini sura chache baadaye, Samweli yuleyule aliyempaka anamwambia amekataliwa.

Tazama pia habari za Yeroboamu, ambazo mimbari zetu huzipita mbio. Nabii Ahiya anakutana naye njiani, anachukua vazi jipya na kulirarua vipande kumi na viwili, anampa kumi: Mungu anamkabidhi makabila kumi, kwa kuwa Sulemani amekengeuka. Ni uteuzi wa wazi kuliko wowote tunaoweza kuudai leo. Yeroboamu akishaketi kitini anaanza kuhesabu siasa zake. Anaogopa kwamba watu wakiendelea kupanda Yerusalemu kuabudu, mioyo itarudi kwa nyumba ya Daudi. Basi anatengeneza ndama mbili za dhahabu, moja anaiweka Betheli na nyingine Dani, na anajiwekea makuhani wake mwenyewe. Miaka inapita. Ahiya sasa ni mzee asiyeona. Mke wa Yeroboamu anamjia akiwa amejigeuza sura, kuuliza habari za mtoto wao mgonjwa, na nabii yuleyule aliyeurarua ufalme na kuutia mikononi mwa Yeroboamu anatangaza kwamba nyumba hiyo itafagiliwa mbali. Mdomo uliotangaza uteuzi ndio uliotangaza hukumu. Ahiya hakujiona amejikana, kwa maana katika fikra za manabii uteuzi ulikuwa ni amana, na amana hudaiwa.

Sasa linganisha na tunavyosema sisi. Matokeo yakitangazwa, upande ulioshinda hushukuru kwa kuwa Mungu amechagua, na ulioshindwa huambiwa ukubali mapenzi yake. Katiba ya Kenya ya 2010 inautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, kisha katika kifungu cha 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na katika kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa. Sioni mgongano hapo. Mkristo anaweza kuamini kwamba Mungu ni mkuu kuliko wote na bado akakiri kwamba ni yeye mwenyewe aliyepanga foleni alfajiri na kutia alama kwenye karatasi. Kura uliyoipiga wewe usimsingizie Mungu. Ukimsingizia, siku mambo yakiharibika hutakuwa na wa kumwajibisha: mtawala atasema aliwekwa na Mungu, nawe utasema hukuwa na hiari.

Mtu atanijibu kwa Warumi 13. Ni haki yake, kwa kuwa Paulo anaandika kwamba mamlaka zilizopo zimeamriwa na Mungu na kila mtu azitii. Lakini isomwe yote. Mtume anaeleza kwa nini mamlaka ipo: mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema ya raia, mwenye kutisha watenda maovu wala si watenda mema. Maneno hayo yanampa mtawala cheo, na papo hapo yanampa mtihani. Mtumishi ana kazi aliyotumwa. Akiwa tishio kwa wanyonge na kimbilio la wezi, msomaji wa Warumi 13 ana haki ya kusema kwamba mtumishi ameiacha kazi yake.

Na Paulo mwenyewe aliielewaje mamlaka? Soma Matendo 16. Kule Filipi, mahakimu wanaamuru yeye na Sila wapigwe viboko na kutupwa gerezani bila kuhukumiwa. Asubuhi wanatuma askari wawaachilie kimyakimya. Paulo anakataa kutoka. Anasema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa mbele za watu pasipo hukumu, haiwezekani watolewe kwa siri. Mahakimu na waje wenyewe. Wakaja, wakawasihi. Mwandishi wa Warumi 13 aliwadai viongozi wafuate sheria yao wenyewe na walikiri kosa lao waziwazi. Hakuona kwamba amempinga Mungu.

Afrika ilikwisha kulipa gharama ya kusoma nusu ya sura hiyo. Kule Afrika Kusini, kanisa la Makaburu, lile la Kireformati la Kiholanzi, liliupa ubaguzi wa rangi msingi wa Biblia. Waraka wake wa 1974 kuhusu rangi, taifa na mataifa ulitumia hata habari za mnara wa Babeli kuhalalisha watu kutengwa. Mwaka 1982, Muungano wa Makanisa ya Kireformati Duniani, ukikutana Ottawa, uliutangaza ubaguzi huo kuwa uzushi na kulisimamisha kanisa hilo uanachama. Miaka mitatu baadaye, Soweto ya huko Afrika Kusini ikiwa chini ya hali ya hatari, kundi la wanatheolojia lilitoa Waraka wa Kairos. Waliita jambo kwa jina lake: kuna theolojia ya dola, ambayo hubariki kila linalofanywa na wenye nguvu, na silaha yake ya kwanza ni Warumi 13. Walikumbusha kwamba Biblia hiyohiyo ina Ufunuo 13, ambamo dola imekuwa mnyama anayewala watakatifu. Dola ni ileile ya Rumi. Kilichobadilika ni matendo yake.

Kuna andiko jingine linalosikika zaidi hata ya hilo: msiwaguse wapakwa mafuta wa Bwana. Hutamkwa mtu anapomhoji rais, na hutamkwa zaidi anapomhoji mchungaji. Fungua Zaburi 105 uone wanaotajwa. Ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama kutoka taifa hadi taifa bila nchi wala jeshi. Na wanaokemewa wasiwaguse ni nani? Ni wafalme. Zaburi inasema Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili ya wasafiri hao. Andiko lililowekwa kumlinda mgeni asiye na mtetezi dhidi ya mwenye enzi, sisi tumelichukua tukamlinda nalo mwenye enzi dhidi ya asiye na mtetezi.

Hata Daudi, aliyekataa kumuua Sauli pangoni kwa kuwa alikuwa masihi wa Bwana, hakunyamaza. Alitoka nje, akamwita, akamwonyesha kipande cha vazi alichokikata, akamshtaki mbele ya askari wake kwa kumwinda mtu asiye na hatia. Mkono wake haukumwaga damu, na ulimi wake ulisema yote. Huo ndio mpaka wenyewe: kutomdhuru mtawala ni jambo moja, kutomhoji ni jambo jingine kabisa. Na anayedhani mafundisho haya ni mjadala wa vyuoni na akumbuke msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu. Muumini aliyezoezwa kutomuuliza mtumishi wa Mungu hana ngao siku mtumishi huyo anapopotoka.

Dhana ya pili inatupeleka Zambia. Desemba 29, 1991, Rais Frederick Chiluba, akiwa ndio kwanza ameingia Ikulu, aliitangaza nchi yake kuwa taifa la Kikristo. Hakuyashauri makanisa kwanza. Mwaka 1996 tamko hilo likaingia katika utangulizi wa katiba. Wengi walifurahi, nami naielewa furaha yao: walikuwa wametoka katika miaka 27 ya Kenneth Kaunda na walitamani mwanzo mpya. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 2001 Chiluba alitaka muhula wa tatu ambao katiba haikumruhusu. Aliyesimama mbele yake safari hii ni kanisa lenyewe: maaskofu Wakatoliki, Baraza la Kikristo na Umoja wa Kiinjili waliungana na mawakili na vyama vya wanawake, wakamzuia. Mwaka 2007, katika kesi ya madai, mahakama ya London iliamua kwamba yeye na wenzake walichota mamilioni ya dola za Zambia. Mwaka 2009 mahakama ya Zambia ilimwachia huru katika kesi ya jinai.

Funzo ninalolipata hapo si kwamba Chiluba alikuwa mnafiki. Moyo wake anaujua Mungu. Funzo ni kwamba tamko halikuongeza daktari hata mmoja hospitalini wala halikumzuia ofisa yeyote kupokea hongo. Kilichoiokoa katiba ya Zambia ni Wakristo waliokuwa tayari kumkatalia rais Mkristo.

Kuhusu maombi nataka nieleweke vizuri. Mkristo ameagizwa kuwaombea wenye mamlaka. Ndivyo anavyofundishwa Timotheo, na sababu inatajwa palepale: ili watu waishi kwa utulivu na amani. Ombi hilo lina lengo, na lengo likikosekana ni lazima tuulize limekwama wapi. Isaya katika sura ya kwanza anamwonyesha Mungu akifumba macho asiione mikono iliyoinuliwa kuomba, kwa kuwa imejaa damu, kisha anataja dawa yake: mteteeni yatima, mwombeeni haki mjane. Dawa ya ombi lililokataliwa ilikuwa haki, si ombi refu zaidi.

Tanzania ina mfano ambao haujapoa. Aprili 2020 zilitangazwa siku tatu za maombi ya kitaifa dhidi ya korona, jambo jema kwa kila mcha Mungu. Mwisho wa mwezi huohuo takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa, na Juni Rais John Magufuli akatangaza kwamba ugonjwa umeondoshwa kwa maombi. Hapo maombi yaligeuzwa kuwa pazia la kufunika hesabu. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waumini kwamba ugonjwa bado upo, wasali na pia wachukue tahadhari. Maaskofu hawakupunguza imani kwa kusema hivyo. Aliyemwomba Mungu uzima na akanawa mikono amemheshimu Mungu aliyempa maji.

Sasa turudi kwenye pesa za parokia ya Soweto, Nairobi, kwa kuwa hapo ndipo mambo yote hukutana. Je, kanisa lina haki ya kukataa toleo? Torati, katika Kumbukumbu 23, inakataza baadhi ya mapato yasiletwe nyumbani mwa Bwana hata kama ni kwa kutimiza nadhiri. Na Yuda aliporudisha vile vipande thelathini vya fedha, makuhani wakuu waliovitoa wenyewe walikataa kuvitia katika sanduku la hazina, maana vilikuwa bei ya damu. Watu walioshiriki kumpeleka Yesu msalabani walijua kwamba si kila fedha inafaa madhabahuni. Itakuwaje sisi tusijue?

Lakini hatari kubwa zaidi imo Betheli, ile ya Yeroboamu. Karne mbili hivi baada yake, mchungaji wa kondoo aitwaye Amosi anafika huko akihubiri dhidi ya wanaowauza maskini kwa jozi ya viatu. Kuhani Amazia anamfukuza, na sababu anayoitoa inatisha: hapo ni mahali patakatifu pa mfalme. Hasemi Amosi amekosea. Hasemi maskini hawauzwi. Anasema tu kwamba nyumba ina mwenyewe. Mfalme aliyeijenga ndiye mwenye neno ndani yake. Wahenga wetu walijua nguvu ya mpaji waliposema mkono mtupu haulambwi. Na anayeulamba mkono hawezi wakati huohuo kuunyoshea kidole. Ndiyo maana nauheshimu uamuzi wa Jimbo Kuu, na ule wa Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit, aliyewazuia wanasiasa wasihutubie kanisani Septemba 2021, uchaguzi ukiwa bado karibu mwaka mzima.

Wenye kudai kwamba kanisa likiuliza maswali linaingilia siasa na waitazame historia ya Kenya. Mwaka 1986 Baraza la Makanisa, NCCK, lilipopinga upigaji kura wa mlolongo, usio wa siri, kanisa la Africa Inland (AIC), alikosali Rais Daniel arap Moi, lilijitoa katika baraza hilo. Yote mawili yalikuwa siasa. Kunyamaza au kupiga makofi ni kuchagua upande, tena upande wa mwenye rungu. Maaskofu Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge pamoja na Mchungaji Timothy Njoya walisema wazi. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya Muge kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaenda Busia, akahubiri, na tarehe 14 akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Anayesema leo kwamba mimbari haina la kusema juu ya serikali anafaidi haki ya kupiga kura kwa siri ambayo watu hao waliigombea.

Hata hivyo, sauti ya kinabii si tiketi ya kuhamia kambi ya upinzani. Katika uchaguzi wa 2007 viongozi wengi wa makanisa walifuata makabila yao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wake waliegemea pande. Ungamo hilo lilikuwa la kweli na lilikuja kwa kuchelewa. Kanisa linalomkemea mtawala wa kabila jingine na kumfunika wa kwao halijawa nabii. Limebadilisha tu Betheli.

Kenya inaelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, na harambee za makanisani zitaongezeka. Kila parokia na kila usharika una uwezo wa kuamua mapema mambo ya kawaida kabisa: kila toleo la mwanasiasa litangazwe na kuandikwa, au likataliwe, mgeni wa heshima akae kwenye benchi kama waumini wengine na asipewe kipaza sauti, na tunapomwombea kiongozi, tutaje kwa sauti alichoahidi na alichokula kiapo kukifanya, ili ombi letu liwe na kumbukumbu. Kipimo kiwe hichohicho kwa aliyemo na kwa anayemtaka atoke.

Asiyeamini kwamba Mungu anahusika na tawala za dunia anaweza kumsamehe rais mambo mengi na kusema siasa ndivyo zilivyo. Sisi tunaoamini hatuna nafasi hiyo. Tukisema kiti hicho ni amana iliyotoka kwa Mungu, basi tumekiri kwamba kila shilingi ya umma na kila kijana aliyepigwa risasi katika maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya vina mwenye kuvidai, na kwamba kazi yetu ni kuuliza kabla yake. Kunyamaza kwa jina la imani hiyo ni kuikana.